Godoro la Watu Wawili

6 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa wima, au angalau umelala kwa ule upande usiouma. Sisi huku wazima. Mkweo anakusalimu. Mjukuu wako amefaulu hesabu, jambo ambalo halijapata kutokea upande wangu wa ukoo, kwa hiyo tumekubaliana kwamba amemfuata mama yake. Mimi ni yule yule: kipara kimefika katikati, tumbo limetangulia, na kutwa nimeinamia saa za watu nikiwa na kioo cha kukuzia jichoni kama mpelelezi aliyepoteza kesi.

Nakuandikia kwa kuwa simu huitaki, na nikimpigia mama kumuuliza habari zako ananijibu, "Mimi si tarishi, muulize mwenyewe." Juzi alilegea kidogo akaniambia mgongo umekuzidi, na kwamba ulishindwa kuvaa soksi mpaka ukaenda dukani na moja.

Pamoja na barua hii nakutumia mkanda wa mgongo, wa tatu huu. Huo una vyuma viwili nyuma. Uvae kutwa. Na tafadhali, baba: usiiname. Usibebe ndoo. Usikae kwenye kigoda. Usifagie karakana. Usipande juu ya kiti kubadilisha taa. Usivute droo ya chini. Usivae viatu vya kamba. Usicheke ghafla. Na usipige chafya ukiwa umesimama. Hilo nimelisoma mahali.

Pumzika tu. Umefanya kazi ya kutosha duniani.

Mwanao


19 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kuanzia shingoni kwenda juu, na mzima kuanzia magotini kwenda chini. Hapo katikati ndipo penye mgogoro.

Mkanda umefika na nimeupokea kwa heshima. Wa kwanza nilifungia dirisha la stoo, wa pili unashika mlango wa kabati. Huu wa tatu, wenye vyuma, nilijaribu kuuvaa. Nilitembea hadi kwa kinyozi nikiwa nimenyooka kama rula, akaniuliza kama nimepata cheo.

Hongera kwa mjukuu. Mwambie babu yake amefurahi mpaka akasahau alikuwa anatafuta nini.

Sasa nikwambie jambo, na likae kati yangu na wewe. Miaka arobaini na mbili nimeshona magodoro. Nusu ya mji huu imelala juu ya pamba niliyoipiga kwa fimbo yangu, na hakuna aliyerudi kulalamika. Lakini mganga hajigangi. Tangu mgongo huu uanze, miaka sita sasa, godoro langu mwenyewe nimelifumua na kulishona upya mara tisa, nikiwa nimesimama mezani, na kila mara nimelikaza zaidi. Lile la mwisho mama yako alilalia siku mbili akaniuliza, "Fundi, humu umetia pamba au matofali?" Siku ya tatu akachukua mto wake akahamia chumba chako cha zamani.

Angehama kwa hasira ningejua la kufanya. Alihama kwa upole. Alisema, "Unageuka kama samaki kwenye kikaango, unaguna, unaamka, unakaa. Na mimi nahitaji usingizi." Imetimia miaka miwili. Mwanangu, tumeoana miaka arobaini na sita, na sasa tunaagana kwenye korido kama wapangaji.

Wiki iliyopita daktari aliangalia picha za mgongo wangu akasema, "Mzee, hakuna kilichovunjika. Mgongo wako una umri wako tu." Nikamwambia hata goti langu lina umri huo huo na halilii. Akacheka, akaniandikia karatasi: kuna kundi la wazee wenye migongo kama yangu, kila Jumanne saa tatu asubuhi, wiki kumi na mbili. Nusu ya kwanza mnazungumza na mshauri wa mambo ya akili. Nusu ya pili mnafanya mazoezi. Umesikia? Mgongo ndio unaouma, na wao wananipeleka kwa fundi wa kichwa!

Niliitupa karatasi. Mama yako akaiokota, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka chini ya sahani yangu. Akasema, "Ukiweza kutulia kitandani, nitarudi."

Basi nitakwenda. Nataka mke wangu arudi chumbani, na sitaki lingine. Ukimwambia nimekuandikia hivi, sikujui hunijui.

Baba yako


27 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi, niliyesoma barua yako nikaangusha skrubu ya saa ya jaji mstaafu, na mpaka sasa tunaitafuta mimi na ufagio.

Mazungumzo sawa. Mazungumzo hayajavunja mtu mbavu. Lakini mazoezi, baba! Miaka sabini na mbili! Usikubali kunyooshwa. Usiwape mgongo wako waushike hovyo. Usilale sakafuni kwa amri ya mtu yeyote, maana hatujui utainukaje. Na usishindane na wenzako, nakufahamu.

Habari za mama sitazitaja. Nimezisoma, nikazikunja, nikazitia kifuani.

Mwanao mwenye wasiwasi


22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini skrubu imeonekana na jaji hajakufunga. Mama yako mzima, anapika na kuimba; kuimba kwake kunapita kwenye korido na kunifikia mimi mpangaji.

Tuko saba. Karibu yangu anakaa Dereva, aliyeendesha malori miaka thelathini, na upande wa pili Mwalimu Mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata mshauri akitaka kusema anamnyooshea kidole kwanza. Mimi wananiita Fundi. Mwalimu wa mazoezi ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ya paredi. Tumempa jina Kamanda.

Siku ya kwanza mshauri akaniuliza, "Fundi, maumivu yako ni ngapi kwa kumi?"

"Kumi na moja."

"Na wiki iliyopita?"

"Kumi na moja."

"Na siku uliyopata habari njema ya mwisho, ilikuwa ngapi?"

Nikakumbuka barua yako ya mjukuu na hesabu zake. Nikawaza. Nikaona aibu. "Sita," nikasema. Wakacheka wote, na Dereva akanigonga goti: "Hizo tano zilikwenda wapi, Fundi? Zilipanda basi?"

Mshauri hakucheka. Alisema hakuna anayesema maumivu yangu ni ya kubuni, yanauma kweli. Ila mwili uliowahi kuumia unaweza kujifunza kupiga kelele hata pasipo na hatari, na mtu akiishi kwa kuogopa, kelele zinaongezeka. Hapo nikakukumbuka wewe na zile saa za kengele unazoletewa, zilizotegwa zilie alfajiri lakini zinalia saa nane mchana. Kengele ni ya kweli. Saa ndiyo iliyokosea.

Kisha Kamanda akapita mbele yangu akaangusha kalamu makusudi. "Okota."

Mwanangu, niliitazama ile kalamu kama mtu anavyotazama kisima. Miaka sita sijaokota kitu sakafuni. Kitu kikianguka nyumbani kwetu, namwita mama yako au nakiaga. Mwalimu Mkuu akasema, "Fundi, ukiiacha hapo nitakuweka baada ya masomo."

Nikakunja magoti, nikainama. Iliuma. Nikaiokota. Nikasimama, nikasubiri mgongo ukatike. Haukukatika. Wakanipigia makofi kama bwana harusi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi wameanza kunikunja nimeshakauka, na bado sijavunjika!

Tumepewa daftari. Upande mmoja unaandika ulichokihofia, upande wa pili kilichotokea. Ukurasa wangu wa kwanza unasema: "Uti wa mgongo utakatika kama uzi mbovu." Upande wa pili: "Haukukatika. Kalamu ya Kamanda imebaki mfukoni mwangu."

Nilipomweleza Kamanda kazi niliyoifanya zamani, alitaka kuona fimbo ya kupigia pamba. Nikaipeleka. Akaishika, akaipiga hewani, akasema hakuna zoezi analolijua linalomfaa mtu kama mimi zaidi ya hilo. Kwa hiyo nimefungua karakana. Fimbo kumi kwa siku. Siku nikijisikia vizuri, kumi. Siku nikijisikia vibaya, kumi. Kila Jumanne naongeza tano. Hiyo pamba ninayoipiga nitaishona godoro la watu wawili, na wewe unajua ni watu gani.

Baba yako


2 Machi

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Sisi wazima.

Kupiga pamba?! Baba yangu mzazi! Fimbo ile ina urefu kama wangu na nusu ya akili yangu. Usiipige tena. Usifungue karakana kabla sijaja. Usiinue robota la pamba hata dogo. Mwambie huyo Kamanda kwamba una mtoto, na mtoto ana maswali.

Jibu upesi.

Mwanao


16 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Labda posta imelala. Au ni wewe uliyelala, umeshindwa kuinuka, na hutaki kusema? Usinifiche.

Mwanao


30 Machi

Baba,

Shikamoo, kama bado unaitikia.

Nimempigia mama. Amesema, maneno yake haya hapa: "Baba yako yupo, anakula, anapiga pamba. Barua zako anazo. Hajazifungua." Nikamuuliza kwa nini. "Mimi si tarishi." Akakata simu huku akicheka. Baba, mama alikuwa anacheka!

Nimekaa na hilo siku mbili. Nimekosea saa tatu za wateja mfululizo. Moja nimeifunga mishale kinyume, sasa inarudi nyuma, mwenyewe anasema anaipenda hivyo. Nimekukosea nini?

Mwanao


13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya tatu, maana barua ni tatu na nimezifungua leo zote kwa pamoja. Mimi mzima. Nisamehe. Hukunikosea. Ilikuwa kazi ya nyumbani.

Ilikuwa hivi. Mshauri alituambia kila mmoja alete kitu cha nyumbani kinachomkumbusha kuogopa. Mwalimu Mkuu alileta picha ya mgongo wake, aliyoitundika sebuleni kama picha ya babu. Dereva alileta mto wa kukalia anaotembea nao mpaka kanisani. Mimi nilipekua nyumba nzima. Fimbo? Siiogopi fimbo. Karakana? Naipenda. Mwishowe nikafungua kopo la barua zako.

Nilisoma ile ya Januari kwa sauti. Nilipofika kwenye chafya, Dereva alikuwa anafuta machozi. "Fundi," akaniuliza, "mwanao anatengeneza saa au ni askari wa barabarani?" Mwalimu Mkuu alikuwa anahesabu kwa kalamu nyekundu. Makatazo tisa katika barua moja. Tukahesabu za mwaka jana na mwaka juzi. Tulipofika mia, chai ikaja.

Nami nilikuwa nacheka, mpaka mshauri akasema taratibu, "Huyu mtu anakupenda sana. Na anaogopa sana. Anaogopa nini?" Akaniomba nijaribu: barua mpya zikija, zikae kwanza, nione mwili unasemaje bila kukatazwa. Nikaziweka juu ya kabati, chini ya kopo la vifungo. Kuinama kulikuwa rahisi kuliko kupita mbele ya lile kabati.

Na mwili ukasema. Nimefika fimbo hamsini. Soksi navaa mbili. Juzi mama yako aliangusha kijiko, akageuka kukiokota akakuta ninacho mkononi. Tulitazamana kama wezi. Maumivu hayajaisha, na Kamanda hakuniahidi kwamba yataisha. Siku nyingi ni tano, siku mbaya ni saba. Ila sasa siamki nikiyaomba ruhusa.

Haya, zamu yangu. Barua yako ya Januari ina mistari iliyonyooka. Hizi za Machi mistari inapanda kama ngazi, na wino unakatika kila neno la tatu. Kalamu ya wino hukatika hivyo mtu akiandika amelala chali, karatasi ikiwa juu ya uso wake. Naijua vizuri, mimi nimeandika hivyo miaka sita.

Tangu lini, mwanangu? Na unaogopa nini?

Baba yako, asiyefungwa mkanda


24 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima, isipokuwa mwenye barua.

Mficha maradhi kilio humfichua; mimi nimefichuliwa na kalamu. Ni tangu Februari. Nilijikunja kuitafuta ile skrubu ya jaji chini ya meza, nikabaki huko huko. Mkweo aliniinua kama kabati. Tangu hapo nafanya kazi saa mbili nalala moja, nimefunga mkanda wa vyuma viwili kama wako. Sikukwambia kwa sababu ningekuwa mtu anayemkataza baba yake kuinama akiwa yeye mwenyewe amekwama chini ya meza. (Skrubu ilikuwa kwenye pindo la suruali yangu.)

Ninachoogopa nitakiandika haraka kabla sijabadili mawazo.

Unaikumbuka siku ile, miaka sita iliyopita, nilipokuja likizo tukapeleka godoro nyumba ya wageni? Ngazi ile nyembamba. Mimi juu, wewe chini. Uliposema "aah" na kukaa kwenye ngazi, kila mtu alisema ni uzito. Haikuwa uzito, baba. Nyigu alitua sikioni kwangu, nikaachia godoro. Niliachia mikono yote miwili nikaanza kujipiga kofi, na godoro lote likakuangukia wewe. Nilipotazama chini ulikuwa umeshika kiuno.

Sikusema siku ile. Kesho yake nikasema nitasema kesho. Halafu nikarudi huku, nikaanza kutuma mikanda.

Kila nilipokuandikia "usiiname" nilikuwa nataka kuandika "nisamehe". Lile la pili ni neno fupi, na nililiogopa kuliko yote. Mimi ndiye niliyekuharibia mgongo, na kwa hiyo mimi ndiye niliyemhamisha mama.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, na anacheka mpaka sasa, utaona kwa nini.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikafika kwenye nyigu nikakaa. Halafu nikacheka kicheko cha kutisha, cha ghafla, kile ulichonikataza, mpaka mama yako akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi.

Mwanangu, mimi nami niliachia!

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amesimama mlangoni pale chini. Akaniita, "Fundi Mkuu!" Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nikageuka na kuinua mkono kumpungia, kwa maringo, huku nimebeba godoro kwa mkono mmoja. Papo hapo likashuka. Miaka yote hii nimeamini ni mimi niliyeachia, na nikashukuru Mungu kwamba halikukuvuta wewe ukaanguka kichwa mbele. Niliona haya kukwambia kwamba nusura nimuue mwanangu kwa ajili ya sifa.

Nikamweleza mama yako yote. Siku ile alikuwa nyuma yetu amebeba mito. Akanitazama kama mtu anavyotazama vikombe viwili vilivyovunjika. "Wote wawili mliachia," akasema. "Mimi niliwaona. Nilidhani mnajua."

Miaka sita! Nyumba nzima ya watu wazima!

Kwa hiyo lile "nisamehe" lako nimelipokea, na hili langu nakutumia. Na daktari nimemuuliza: kilichoteguka siku ile kilipona msimu ule ule. Hukumharibia mtu mgongo. Tulijitegea kengele, mimi na wewe, tukakaa tukiisikiliza.

Sasa habari ya godoro. Lilikwisha wiki iliyopita. Nililishona mwenyewe, nimepiga magoti, nimeinama, sindano ndefu inaingia juu inatokea chini, na kila mishono kumi nasimama najinyoosha. Nikaliweka kitandani, nikatandika shuka la mistari, nikamwita mama yako.

Akalibonyeza kwa kiganja. "Gumu," akasema. "Umemshonea nani?"

"Sisi."

"Umelishonea mgongo wako. Na mimi, Fundi, nimeshazoea kulala katikati ya kitanda." Akarudi zake chumbani kwako.

Jumanne nikaenda kundini nimenuna. Wiki kumi na mbili zimekwisha lakini tumekataa kuachana. Kamanda anatuachia ukumbi. Mwalimu Mkuu akaniuliza swali moja tu: "Ulimuuliza anapenda godoro la namna gani?"

Kila mteja aliyeingia karakana yangu nilimuuliza hivyo. Unalala ubavu au chali? Laini au gumu? Mkubwa na mdogo, tajiri na maskini. Na mke wangu, miaka arobaini na sita, nimemlaza juu ya chochote nilichokitaka mimi.

Nikarudi nyumbani, nikachukua futi ya kupimia na penseli ya sikioni, nikabisha mlango wa chumba chako. "Hodi. Ni fundi magodoro. Nimesikia hapa kuna mteja."

Mama yako alifungua mlango. Halafu akasema, "Karibu, fundi. Umechelewa."

Laini begani. Gumu kiunoni. Na upande wa dirisha. Leo nimeanza kulifumua.

Baba yako


2 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, mama yako mzima, tuko chumba kimoja.

Alikuja kunisaidia kuchambua pamba. Nilikwambia mara ngapi kwamba hapendi vumbi la karakana? Alijifunga kitambaa kichwani akakaa kwenye kigoda, akaniambia mambo ya miaka miwili ambayo hayakuenea kwenye korido. Siku nne tulichambua. Pamba ingetosha siku mbili.

Nilikuwa nimesahau kwamba anakoroma. Anakoroma kama lori la Dereva kwenye mlima. Nikigeuka sasa, nageuka taratibu, na yeye anasukuma mto nyuma yangu bila kuamka.

Mgongo bado unauma. Leo asubuhi nilijipima: nne. Lakini ni nne ya watu wawili.

Ng'ombe hazeeki maini. Na wewe je? Umepimwa? Niandikie ukiwa umekaa.

Baba yako


11 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika nimekaa. Angalia mistari.

Sisi wote tunakusalimu, mkweo zaidi, maana barua yako ya mwisho ameichukua na hataki kuirudisha.

Nimepimwa. Hakuna kilichovunjika, mgongo wangu una umri wangu na kazi yangu. Nimejiunga na kundi la huku. Mimi ndiye mdogo kuliko wote na ndiye ninayelalamika zaidi. Nimejiwekea saa ya kengele mezani: kila dakika ishirini inalia, nasimama, nazunguka duka, naokota kitu sakafuni. Wateja wanadhani nimepoteza skrubu. Mkanda wa vyuma nimefungia tairi la akiba la baiskeli.

Nami nimepewa kazi ya nyumbani: nimwandikie baba yangu barua nzima bila kumkataza chochote. Ndiyo hii. Nimeifuta mara nne. Nilipofika pale ulipopiga magoti kwenye karakana, niliukalia mkono usiandike.

Nina oda, Fundi Mkuu. Godoro la watu wawili. Nimemuuliza mkweo, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mmoja ya ndoa: laini kote, na yeye anataka upande wa ukuta. Mimi kwa miaka yote hiyo nilidhani anaupenda upande wa mlango. Njooni Agosti, wewe na mama, mje nalo. Tunakaa ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na nne. Tutapanda tano, tupumzike, tupande tano, tupumzike. Mama atakuwa nyuma na mito, atuangalie.

Mimi nitashika juu, wewe chini, kama siku ile. Mtu akikuita kwa cheo chochote, mwitikie kwa mdomo. Na nyigu akija, ataniuma tu, baba. Siachii.

Mwanao